Fundi wa Hatua

Mungu aliwagawia watu mikono ya kufanyia kazi, na Kinanda siku ya mgawo alichelewa, akakuta zimebaki ndimi tu. Akachukua mbili. Mtaani walimwita Kinanda kwa sababu ukimgusa popote anatoa sauti tamu. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye faili la kituo cha polisi, na sisi hatuna haja ya kwenda kulisumbua huko.

Asubuhi tunayoanzia alikuwa ameketi kwenye benchi lake bustanini, lile lililo karibu na bomba linalovuja, akisoma. Msishangae. Alikuwa amekuta boksi tupu juu ya benchi, boksi la saa ya hatua, zile saa za mkanda wa mpira ambazo mwaka ule kila mwenye kitambi alikuwa na moja mkononi ili imwambie ametembea kiasi gani. Ndani ya boksi kulikuwa na kijikaratasi cha maelezo, herufi zake sisimizi watupu, kikieleza kwa nini saa inaweza kuhesabu hatua vibaya. Labda mkanda umelegea. Labda umeivaa mkono ule unaoutumia kufagia, kupiga mswaki na kugombana. Labda hujaiambia urefu wako, au unatembea bila kubembeza mkono. Mambo ambayo mtoto angeyaelewa, na ambayo hakuna mtu mzima mwenye saa hiyo aliyewahi kuyasoma.

Kinanda alikisoma mara mbili, akakikunja, akakitia mfukoni kwa heshima zote. Elimu ambayo watu wameitupa wenyewe, alijiambia, kuwauzia tena si dhambi. Ni usafi wa mji.

Mungu wa matapeli naye ana ofisi yake, na asubuhi hiyo alikuwa amefungua mapema, maana mteja wa kwanza alikuja papo hapo akichechemea. Alikuwa mama mnene wa makamo mwenye miwani mikubwa, mguu mmoja kiatu, mguu wa pili kandambili, na gauni lenye vifungo vya njano. Vifungo vile Kinanda alihisi amewahi kuviona mahali, lakini tapeli huangalia mkoba, haangalii vifungo. Mama akajibwaga kwenye benchi na kuizaba kofi saa iliyokuwa mkononi mwake.

"Mwongo! Mwongo mkubwa we! Nimezunguka soko zima, inaniambia nimetoka kitandani kwenda chooni!"

"Shikamoo, mama," alisema Kinanda. "Usiipige. Ukiipiga inanuna."

"Marahaba, mwanangu. Nani ananuna?"

"Saa. Hiyo imelala. Mimi ni fundi wa hatua, mama. Siyo fundi wa saa, hao wapo tele, wanafungua mfuniko na kupoteza skrubu. Mimi natibu hatua zenyewe."

"Kumbe kuna fundi wa hatua!"

"Tuko wachache. Masomo yake ni magumu."

Akaushika mkono wa mama, akafumba macho, akaweka sikio kwenye kioo cha saa. Akaguna. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari anayejiandaa kutaja gharama.

"Ulikuwa unasukuma kitoroli sokoni."

"Nilikuwa nasukuma! Umejuaje?"

"Imeniambia."

Kitoroli chenyewe kilikuwa kimesimama hapo hapo kando ya benchi, kimejaa vitunguu, lakini hilo tusilitaje mbele ya mgonjwa. Kinanda aliihamisha saa kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaikaza tundu moja, akabonyeza urefu wa mama, kisha akamwamuru aende bombani na kurudi huku akibembeza mkono. Mama alikwenda kwa kuchechemea, akarudi kwa kuchechemea, akaangalia kioo na kupiga yowe. Saa ilikuwa inahesabu. Akafungua mkoba na kulipa bila hata kuuliza bei, na Kinanda akaipokea pesa kwa vidole viwili tu, kana kwamba inamkera.

Tapeli wa kawaida hapo angekula kona. Lakini Mama Miwani, kama tutakavyomwita, alikuwa amefunguka moyo, na mtu aliyefunguka moyo huwa na mengi ndani.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa kuokoa watu. Ofisini kwetu tumekwisha. Mkurugenzi alibanwa na kifua, daktari akamwambia atembee. Sasa ametugawia sisi sote hizi saa."

"Dawa yake mnainywa ninyi."

"Si ndiyo ukubwa wenyewe huo? Mwisho wa mwezi, wazembe wanafukuzwa. Mimi atanisamehe kwa ajili ya hiki kisigino, lakini nina wenzangu wanne, wanene kuliko mimi, na saa zao zinawapunja. Watafukuzwa mchana kweupe. Na atakayeongoza anapewa gari."

"Gari?" alisema Kinanda, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe ndimi zote mbili zikamkauka.

"Gari. Lakini wenzangu hawalitaki. Wawili hawajui kuendesha, wengine wanaogopa mafuta yalivyopanda. Wanataka kazi zao tu. Wamesema fundi yeyote atakayewaokoa, mmoja wao akishinda, gari ni la fundi."

Alasiri ile ile alimpeleka kuliona. Jengo la ghorofa kadhaa, mlinzi anayesinzia, na mbele yake gari jeupe limefungwa utepe mwekundu puani. Kinanda alilizunguka polepole, akafuta kioo cha pembeni kwa mkono wa shati, akajitazama ndani yake. Alijiona amekaa nyuma ya usukani, kiwiko nje ya dirisha, akipita taratibu mbele ya kituo cha polisi. Kwenye ukuta wa jengo kulikuwa na kibao kikubwa kinachoeleza humo ndani wanafanya nini, ila macho yake yalikuwa na shughuli nyingine.

"Jambo moja tu, fundi," alisema Mama Miwani. "Saa si zangu. Wenzangu watataka dhamana. Lete kitu chako ambacho kikipotea utalia."

Hapo ndipo penye aibu ya hadithi hii, na msimulizi hatapaka sukari. Kinanda alikaa kitandani kwake akapitia mali zake: godoro, mkanda wa suruali, kioo cha kunyolea ndevu. Hakuna hata kimoja ambacho kingemtoa chozi. Chumba chenyewe kilikuwa cha uani kwa dada yake, fundi wa kushona, mwanamke aliyemlisha na kumlaza miaka yote hiyo kwa cherehani moja ya mkono iliyokaa juu ya meza sebuleni. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na vitambaa vya sare vimejaa hadi kwenye viti. Dada alipotoka kununua nyuzi, Kinanda aliibeba ile cherehani begani na kutoka nayo.

Dada aliporudi aliitazama meza. Miguu ya cherehani ilikuwa imeacha alama nne kwenye mbao.

"Ilikuwa inalia vibaya," alisema Kinanda. "Nimeipeleka kwa fundi aipake mafuta. Nakufanyia hisani, dada."

"Hata hukuniuliza."

"Nilitaka nikushtukize kwa furaha."

Kinanda akajikuna shingo. Dada akavikunja vitambaa vyake, akavifunga furushi, akajitwika na kutoka. Anakwenda kuazima cherehani kwa shoga yake, aliwaza Kinanda, na mashoga si ndiyo kazi yao? Akalala usingizi mzuri, haramia yule.

Saa za wale wanne zilifika zikiwa na mikanda ya rangi nne: nyeusi ya mhasibu, nyekundu ya karani wa stoo, njano ya bi mapokezi, kijani ya dereva mzee. Kinanda hakuwa na nia ya kutembea hata kufika dukani. Alizifunga kwenye mapanga ya feni, akawasha, akalala. Feni ilitembea siku nzima bila kulalamika, na saa zikahesabu kila mzunguko.

Kesho yake Mama Miwani alimfuata benchini huku akitweta.

"Fundi! Unataka kutuua! Saa hizi zinapima na mapigo ya moyo! Mkurugenzi ameona mhasibu wake katembea mchana kutwa na moyo haupigi. Ameanza kuchangisha rambirambi!"

Kinanda akakiri kwamba lilikuwa kosa dogo la kitaalamu. Siku iliyofuata akazifunga kwenye miguu ya mbwa wa jirani, moja kila mguu, maana mbwa ana moyo na pia hana maswali. Jioni Mama Miwani alirudi amekunja uso zaidi.

"Moyo upo, tumshukuru Mungu. Lakini saa zina ramani. Wafanyakazi wote wanne wameonekana pamoja jalalani, wamelala saa za kazi, kisha wakainuka kwa ghafla kukimbiza pikipiki hadi darajani. Mkurugenzi anauliza kama wana matatizo nyumbani."

"Sasa tufanyeje?"

"Inabidi mtu. Mwenye moyo wake na miguu yake." Mama akainamisha miwani na kuitazama miguu ya Kinanda. Ilikuwa mirefu, mizima, na haijatumika sana.

"Mimi?"

"Kama huwezi, nirudishie saa nikatafute tapeli mwingine. Fundi mwingine, nilitaka kusema."

Kinanda akalikumbuka gari. Akakumbuka kiwiko chake nje ya dirisha. Tamaa mbele, mauti nyuma, na katikati yao akasimama yeye, akafunga saa mbili mkono wa kulia na mbili wa kushoto.

"Na usitembee ovyo," alisema Mama Miwani. "Kila mtu ana mwendo wake na saa inaujua. Mhasibu hutembea mkono mfukoni. Karani wa stoo anasukuma toroli siku nzima. Bi mapokezi huvaa sketi ya kubana, hatua zake fupi fupi. Dereva mzee hushikilia kitu akipanda ngazi. Ukiwatembeza wote sawasawa, mkurugenzi atashtuka."

"Mama, wewe ungefaa sana kwenye biashara yangu."

"Mimi? Mimi naogopa dhambi, mwanangu."

Na si hayo tu. Alimtaka ahesabu hatua kwa mdomo wake mwenyewe, kila zikitimia mia ahamishe punje moja ya mahindi kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Bila hivyo, alisema, fundi atajuaje saa ipi inampunja mwenye nayo na ipi inampendelea? Jioni akaja benchini na kumwekea simu mdomoni ili aseme yote, isije ikasahaulika. "Sema polepole, fundi. Anza na nyeusi."

Ndugu zangu, mwezi ule mji ulishuhudia maajabu. Asubuhi Kinanda alipita barabara ya benki akiwa mhasibu, mkono mfukoni, uso wa mtu anayejua siri za wengine. Kabla ya adhuhuri alikuwa karani wa stoo, na kwa kuwa hakuwa na toroli ilimbidi aende sokoni na kuomba asukume la mtu. Alisukuma magunia ya vitunguu vya watu wasiomjua, bure, na wao wakamshukuru, jambo lililomuumiza kuliko mzigo. Mchana alikuwa bi mapokezi. Alijifunga kamba magotini chini ya suruali ili asipitilize hatua, akapita mbele ya kijiwe cha mafundi wa pikipiki, na yale aliyoambiwa pale tutayaacha pale pale. Jioni alikuwa mzee, akipanda ngazi za maghorofa ya watu huku ameshikilia chuma cha pembeni, akihesabu kwa sauti. Walinzi wawili walimfukuza na wa tatu akampa pole.

Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakatoka mengine. Kiatu kimoja kikafungua mdomo. Usiku alijilaza kitandani akikanda nyayo zake na kumlaani mkurugenzi ambaye hajamwona, na asubuhi akaamka kabla ya jogoo, yeye ambaye kwa kawaida jua lilimkuta akiwa na ndoto ya pili. Dada yake alikuwa ameshatoka na furushi lake.

Kilichomkera zaidi ni kwamba alianza kuijua kazi. Alizijua zile saa kwa uongo wao. Nyekundu, ukiweka mikono kwenye toroli, inasahau kuhesabu, lakini ukipiga makofi inakuandikia safari nzima. Nyeusi inajitahidi. Njano haiwezi kabisa hatua fupi, inadhani umesimama. Na ile ya kijani ilikuwa mwongo asiye na haya: ukishika chochote kwa mikono miwili, kwake wewe umelala. Kinanda alidanganya watu maisha yake yote, lakini aliheshimu ufundi, na uongo mbovu namna ile ulimtia uchungu wa kweli. Jioni aliisema simuni kwa hasira, kwa mifano, hadi Mama Miwani akamwambia apumue.

Siku ya mwisho alirudisha saa tatu. Ya kijani, alisema, ilimvuka mkononi ikaingia mtaroni, na alilia sana. Ukweli ni kwamba ilikuwa juu ya kiwiko, chini ya shati, ikisubiri mnunuzi. Mwezi mzima wa jasho haukuwa umembadilisha kitu.

"Sawa, mwanangu," alisema Mama Miwani, na hakuuliza zaidi. "Kesho ni siku ya zawadi. Usikose."

Angekosaje? Kesho yake alivaa shati jeupe, akakifunga kiatu chake mdomo kwa uzi, akafika kwenye lile jengo. Gari halikuwepo. Limepelekwa kuoshwa, alijituliza. Akaingia mapokezi ili amsalimie bi mapokezi, ambaye alikuwa ametembea kwa niaba yake kwa mateso makubwa. Nyuma ya meza aliketi mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani.

"Namtafuta bi mapokezi. Yule wa sketi ya kubana."

"Mapokezi niko mimi miaka tisa," alisema mwenye ndevu. "Sketi sina."

"Basi mhasibu. Anayetia mkono mfukoni."

"Mhasibu wetu ni yule dada pale, na nguo zake hazina mifuko. Bwana, unatafuta ofisi gani?"

Kabla Kinanda hajajibu, alisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa inatoka chumba cha mkutano, mlango uko wazi nusu, inasema polepole na kwa uchungu: "Sasa hii ya kijani, ukishika kitu kwa mikono miwili, kwake wewe umelala. Haina haya. Mimi nimehesabu mwenyewe, punje kwa punje."

Alisukuma mlango. Watu kama kumi walikuwa wameizunguka meza, na mbele yao Mama Miwani, viatu viwili miguuni, ameshika simu. Kichwani mwa meza aliketi mwanamume mwembamba anayekula keki, na mbele yake saa tatu za rangi tatu.

"Gari langu liko wapi?" alisema Kinanda.

Yule mwembamba, ambaye ndiye mkurugenzi na ambaye kifua chake hakijawahi kumbana, akageuka. "Gari gani?"

"Jeupe! La utepe!"

"La bwana harusi? Ukumbi wa harusi ni hapa nyuma, lakini ile ilikuwa mwezi uliopita."

"Mkurugenzi," alisema Mama Miwani kwa unyenyekevu, "huyu ndiye yule msaidizi niliyekuambia. Nilipoumia kisigino, yeye ndiye aliyetembea."

Kibao cha nje, ambacho Kinanda hakukisoma, kilisema kwa herufi kubwa kwamba humo hupimwa vifaa kabla havijauzwa madukani. Mama Miwani kazi yake ilikuwa hiyo: kuvaa saa za hatua, kutembea kila namna ambavyo binadamu hutembea, kuhesabu kwa kichwa, na kusema ipi inakosea na kwa nini. Mkono mfukoni, toroli, hatua fupi, ngazi. Mhasibu, karani, bi mapokezi, dereva.

"Kumbe ni wewe!" Mkurugenzi alisimama, makombo ya keki yakamwanguka. "Kijana, sijawahi kupata ripoti safi namna hii. Hesabu za kweli! Hukuongeza hata hatua moja! Jamani, huyu ndiye mfanyakazi hodari. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Kinanda aliwahi kuitwa mwizi, laghai, nyoka, na mkwe asiyetakiwa, na yote aliyabeba kwa tabasamu. Neno mfanyakazi lilimchoma. Alisimama akipigiwa makofi kwa kosa la kutenda haki, na hakuweza kujitetea, maana angesema nini? Kwamba alidhani anaiba?

"Na malipo yangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si yamepelekwa nyumbani kwako kila Ijumaa?" alisema mkurugenzi. "Kwa msimamizi wako."

"Msimamizi gani?"

"Dada yako," alisema Mama Miwani, na ndipo Kinanda alipoyaona tena yale mavazi yake na vifungo vya njano, na akakumbuka ni wapi aliviona. Lile gauni lilining'inia msumarini sebuleni kwa dada yake wiki nzima, kabla ya asubuhi ile ya benchi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na safari hii kilikuwa kimeshonwa ndani.

Alitembea hadi nyumbani akirusha mikono kwa hasira. Dada yake alikuwa mezani, cherehani imerudi kwenye alama zake nne, sare zimepangwa furushi kubwa.

"Karibu, mfanyakazi," alisema bila kuinua kichwa.

"Dada! Umenipiga changa la macho! Mimi, damu yako!"

"Nimekupiga, ndiyo. Yule mama ni mteja wangu. Aliumia kisigino, na asingepata msaidizi, ofisini wangempa mtu mwingine kazi yake. Akaniuliza kama namjua mtu mwenye miguu mizima asiye na shughuli. Nikamwambia ninaye mmoja ndani. Ila ukimwambia ni kazi, hainuki kitandani. Ukimwambia ni wizi, hachoki."

"Na lile boksi benchini..."

"Mama aliliweka yeye. Mimi nilimwambia benchi lipi."

"Na pesa zangu za kila Ijumaa?"

"Umelala humu miaka mingapi? Umekula humu mara ngapi? Unataka tukae tuhesabu?"

Kinanda hakutaka kuhesabu tena kitu chochote maishani. Akacheka kidogo, kicheko cha kuomba suluhu. Dada hakucheka naye. Aliacha kuzungusha mkono wa cherehani.

"Ya kuchekesha yameishia hapo. Sasa sikiliza. Mama alikuomba dhamana ili tukucheke. Tulijua utaleta kile kioo chako cha ndevu. Wewe ukambebea cherehani yangu." Akaweka kiganja juu ya cherehani. "Hilo halikuwa kwenye mpango wetu, mdogo wangu. Hilo ulilileta mwenyewe. Nilipoikuta kwake nililia. Niliwaza, je, kama yule mama angekuwa tapeli wa kweli?"

"Si ungeirudisha siku ile ile?"

"Ungeiona, ungejua, na kazi ya mama ingeanguka. Nilikuwa nimeshampa neno langu. Kwa hiyo mwezi mzima nimekwenda kushonea kwake, upande wa pili wa mji, vitambaa kichwani, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Na mimi nimetembea. Sikuwa na saa."

Kinanda alifungua mdomo. Ulimi wa kwanza haukupata neno, na wa pili haukujaribu. Aibu ilimpanda kutoka kwenye malengelenge hadi masikioni, na kwa kuwa hakuwa ameizoea, alidhani ni homa.

"Nisamehe, dada."

"Uvivu nilishakusamehe tangu utoto. Hili bado." Akalisukuma furushi mbele. "Sare hizi zinatakiwa shuleni leo kabla hawajafunga geti. Beba."

Akabeba. Furushi lilimfika kidevuni, akalikumbatia kwa mikono miwili na kutoka. Alipopita bustanini, bwana mmoja mwenye kitambi alikuwa amekaa kwenye benchi lake, anaipiga saa yake makofi na kuiita mwongo. Moyo wa Kinanda uliruka kwa mazoea.

"Hamishia mkono wa pili, mzee," alisema akipita. "Na ukaze mkanda."

"Ahsante, kijana! Nikulipe nini?"

Kinanda alisita. Lakini mikono ilikuwa imejaa, hakuwa na cha kupokelea, akaendelea na safari yake huku akijichukia.

Alifika shuleni geti likiwa nusu limefungwa. Mwalimu akapokea sare, akasema kazi nzuri, akamwambia amshukuru dada yake. Kinanda akabaki barabarani, miguu inawaka moto. Mji mzima aliuvuka, mzigo mikononi, bila kumwibia mtu, na alitaka angalau mtu mmoja ajue. Akapandisha mkono wa shati aitazame ile saa ya kijani aliyoiba, aone imemwandikia hatua ngapi tangu atoke nyumbani.

Haikuwa imemwandikia hata moja. Ikatetemeka kidogo juu ya ngozi yake, na kwenye kioo yakatokea maneno ya upole: umekaa muda mrefu, hebu inuka utembee.